Kiti Nyuma ya Mkwe Wangu

Mwape mwanangu,

Barua hii utaikuta katikati ya vitambaa vya mtoto, maana najua ndipo mkono wako unapokwenda kwanza akilia alfajiri. Isome huku unamnyonyesha. Mume wako atakuwa bado amelala, na Kabeya akilala amelala, kuta za nyumba hii ni nyembamba na mimi nina masikio. Isome mpaka mwisho kabla hujatoka nje. Mwisho ndio unaonihusu zaidi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kumfunika mtoto kichwa, wala za kuficha ufunguo. Hayo unayajua. Bukari unayosonga imeishinda yangu siku nyingi, na hilo nimelikubali mbele ya wanawake wa soko, ingawa liliniuma. Na usinicheke kwa Kiswahili hiki cha masista. Kile tunachosema nyumbani ni kitamu mdomoni, lakini nikishika kalamu mkono wangu unakumbuka rula ya sista na unaandika kwa adabu.

Leo jioni ulirudi kutoka mtaa wa Kenia, kumuaga rafiki yako, ukatukuta mimi na Kabeya tumesimama upande mmoja wa remorke, lile tela la kufungwa nyuma ya motokari, mikono yetu myeusi kwa grisi, tunaongea. Ulishika mdomo. Ulinitazama mimi, ukamtazama yeye, kama mtu aliyekuta mbuzi anasoma gazeti. Ulipita ndani na mtoto mgongoni, na wakati wa kula ulikuwa unatuchungulia juu ya sahani. Nataka nikueleze lililotokea, halafu nikueleze kwa nini limeninyima usingizi.

Tangu Kabeya akuoe, mimi na yeye hatujawahi kutazamana usoni. Ndivyo nilivyolelewa kule Luapula, na kwao Kasai ni hivyo hivyo. Bukwe ni bukwe: mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa jiko. Hatuli pamoja. Jina lake silitaji mbele yake. Mvua ikianza na shati lake liko kwenye kamba, nakuambia wewe, "Mwambie bwana yako shati linalowa," naye yuko hapo hapo, ananisikia vizuri, na bado anangoja umwambie. Ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini. Yeye husema mambo haya ni ya zamani, anasoma magazeti ya Kifaransa huyo, lakini nikitokea ghafla ni yeye anayegeuza shingo kwanza. Nilimpenda kwa hilo. Huko kugeuza shingo ndiko kulikuwa kuongea kwetu.

Ndiyo maana, tangu mlipoamua kuondoka na ukaanza kuniambia, "Mama, kiti chako kiko nyuma, mimi nitakaa mbele na mtoto," nilikuwa na jibu tayari. Nikae vipi nyuma ya mkwe wangu njia nzima mpaka mtoni Kasenga, magoti yangu yanagusa mgongo wake? Nikitaka kwenda porini nimwambie nani asimamishe? Tena nilivyo mnene, motokari yenu itakalia matako. Ulicheka, ukaenda zako, maana jibu la bukwe halina wa kulibishia. Nami nililitoa tena kila uliporudi na swali lile.

Sina haja ya kukueleza kwa nini mnaondoka. Tangu Katanga ijiite nchi peke yake, mtu wa Kasai hapa mjini amekuwa mgeni katika nyumba anayoilipia mwenyewe. Wenzake Kabeya wengi wako kwenye mahema, wanangoja treni ya kuwarudisha kwao, wengine kwao penyewe hawajawahi kupaona. Juzi watu waliandika kwa mkaa kwenye ukuta wetu wa mbele kwamba mume wako arudi kwao. Nilifuta kabla hujaamka. Ukaniuliza kwa nini kitambaa cha sakafu kimekuwa cheusi, nikakuambia nimesafisha jiko. Sasa unajua.

Basi, mchana. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio wa matete, nachambua majani ya sombe, na Kabeya alikuwa mbele anapakia remorke. Barabara nzima inamjua huyu kijana, ameandikia barua nusu ya watu wake, na aliyekuja kumsaidia ni jirani mmoja tu, yule kinyozi. Walianza na vitu vyepesi, wakavisukuma mbele kabisa: magodoro, viti, masufuria, kikapu cha mtoto. Kisha vizito wakavibakiza mlangoni nyuma: yale masanduku ya bati, vitabu vyake, kitanda cha chuma kilichofunguliwa, gunia la unga na gunia la chumvi. Nikamsikia anamweleza kinyozi sababu. "Ku barieri basoda batafungula nyuma. Bakikuta masanduku pale pale, bataangalia, tutapita. Bakitosha bintu yote inje, tutalala mu njia."

Usimcheke kwa hilo. Ana mke na mtoto mchanga, na uso wake unamtaja kwao kabla hajafungua mdomo. Alikuwa anafikiria wale askari wanaofunga barabara na kushusha mizigo yote ya mtu, na alikuwa anafikiria kwa akili ya mtu anayeogopa.

Wakamaliza, wakaivuta remorke mpaka kwenye motokari, wakaifunga kwenye kroshe, ile ndoano ya nyuma. Halafu Kabeya akaleta zile fimbo mbili za chuma, za kuizuia motokari isishuke nyuma, alizoachiwa na bwana wake mzungu, siku wazungu walipokuwa wanakimbilia Rhodesia na kila mtu anauza kila kitu. Akazifunga, akavuta minyororo yake, akarudi nyuma kutazama. Nikamsikia anapiga makofi. "Ona! Zinafanya kazi! Nyuma haikushuka ata kidogo!" Kinyozi akasifu, wakanywa maji, kinyozi akaenda zake.

Mkono wangu ulisimama kwenye sombe. Nilichungulia kwenye matete, na ni kweli, motokari ilikuwa imenyooka kabisa. Lakini mimi niliitazama kroshe. Haikunyooka kwa sababu ya fimbo. Ilinyooka kwa sababu hakukuwa na kitu juu yake. Uzito wote ulikuwa mkiani, na pua ya remorke ilikuwa inaning'inia pale kwenye kroshe, nyepesi, inangoja mteremko.

Mimi najua pua nyepesi inafanya nini. Na wewe unajua, ulikuwepo, ingawa ulikuwa bado unapoteza meno ya mbele.

Enzi zile baba yako alikuwa na kamyoneti, na nyuma yake remorke ya mbao, tunaleta samaki kutoka Kasenga. Tulikuwa wanawake wanne tunaopakia humo. Desturi yetu sisi watu wa samaki unaijua: kinachopakiwa mwisho kinashuka kwanza, na anayeshusha kwanza pale soko la Kasomeno ndiye anayepata wanunuzi wazuri. Tuligombania mlango wa nyuma wa remorke ile kuliko wanawake wengine wanavyogombania bwana. Siku hiyo mimi nilikuwa na masanduku ya samaki wabichi kwenye barafu, na jua lilikuwa kali. Nikasema masanduku yangu yakae mlangoni. Baba yako akasema pua itakuwa nyepesi, remorke itatikisa mkia. Nikamwambia, mbele ya wale wanawake, "Wewe endesha. Samaki ni wangu." Walicheka, nikafurahi walivyocheka. Baba yako alikuwa mtu wa amani. Aliendesha.

Kwenye mteremko ilianza pole pole. Kushoto kidogo, kulia kidogo, nikadhani ni upepo. Halafu ikapata nguvu, ikaanza kuitupa kamyoneti yenyewe huku na huku. Baba yako akakanyaga freni. Maskini, nani asiyekanyaga freni akiogopa? Remorke ikatupita. Niliiona kwenye dirisha langu, iko ubavuni mwetu kabisa, kisha nikaona mbingu.

Wewe unakumbuka samaki waliojaa barabarani na watu wakikimbia na mabeseni. Unaisimulia kama sikukuu, na sijawahi kukukatiza. Mimi nakumbuka mguu wa baba yako chini ya mlango wa kamyoneti. Alichechemea mpaka alipokufa. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Shimo." Hata wewe alikuambia shimo, na nadhani ulipokua ulishaanza kushangaa ni shimo gani hilo. Barabara ile ilikuwa imetoka kukwanguliwa, ilikuwa laini kama kiganja. Lakini yeye alisema shimo miaka yote, bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kijiji. Ningependa angenitukana mara moja tu, kwa sauti, majirani wasikie. Ningelia, angenyamaza, tungemaliza. Badala yake alinilinda, na mimi nilikaa kwenye ulinzi ule nikiona haya kila siku ya Mungu.

Baada ya hapo sikumwachia mtu yeyote kupakia. Nilipakia mwenyewe, nilifunga mwenyewe, wanawake wakaniita Mama Remorke, na wewe ulipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo. Nilijifunza kwa kuuliza mashoferi wa kamyo kubwa, walionicheka kwanza, wakanijibu baadaye. Vizito vyote vikae juu ya magurudumu, na kidogo mbele yake. Pua lazima iwe na uzito wake. Mtu mmoja akiinua kwa mkono mmoja, ni nyepesi mno, rudisha mzigo mbele. Wanaume wawili wenye nguvu wakishindwa kuinua, ni nzito mno, rudisha nyuma. Inatakiwa mtu mmoja ainue kwa mikono miwili na atoe sauti ya mzee.

Fimbo za Kabeya ni kitu kizuri, sikatai. Baba yako hakuwahi kuwa nazo. Remorke yenye pua ya haki huwa inakalia nyuma ya motokari, mbele inanyanyuka, na magurudumu ya mbele yakikosa uzito usukani unageuza na hakuna anayeusikiliza. Zile fimbo zimeshikwa kwenye kroshe, na ukivuta minyororo zinapinda, na kule kupinda kunauchukua ule uzito na kuugawa: kidogo magurudumu ya mbele, kidogo ya nyuma, kidogo unarudi kwenye remorke. Kila gurudumu linapata lake. Lakini zinagawa uzito uliowekwa pale. Ukipakia vibaya hazijui kukutengenezea, na ukijivuna nazo zinakudanganya, kama zilivyomdanganya mume wako mchana huu.

Sasa nifanye nini? Nilifikiri nikungoje wewe, kama siku zote. Mwambie bwana yako. Lakini nilijua utarudi giza likikaribia, yeye atakuwa ameshafunga turubai na kamba zote, amechoka, atasema, "Mwambie mama aksanti, tutaangalia." Na nyie mnaondoka kabla ya jua. Nikajaribu njia ya wamama wa zamani, ya kusema na vyombo. Nikashika sufuria nikaiambia kwa sauti kubwa, "Wewe sufuria, watu wanaweka mizigo yote mkiani, watakwenda kuanguka!" Unajua alifanya nini? Alisikia sauti yangu, akadhani nakaribia, akakohoa kwa heshima na akasogea mbali zaidi mpaka barabarani ili nipite! Mama weee. Nilikaa na sufuria yangu nikataka kucheka na kulia.

Nikasema moyoni, siku ile nilisema sana, na leo nitanyamaza, na matokeo yatakuwa yale yale. Nikafuta mikono. Nikatoka kwa mlango wa mbele wa nyumba yangu, nikamfuata mpaka pale alipo. Aligeuza shingo. Nikazunguka upande aliogeukia. Akageuza tena. Kinyozi alikuwa ametoka kwenye kibanda chake anatazama, wembe mkononi, na mteja wake ana povu.

"Kabeya," nikasema. "Geuka. Uniangalie."

Mwape, hujawahi kuniambia kwamba ana kovu juu ya jicho. Nimeishi na kijana huyu kwenye kiwanja kimoja na sikujua. Alinitazama, na macho yake yalijaa maji, sijui ni kwa woga au kwa nini, na alionekana mdogo sana. Nikamwambia aifungue remorke kwenye kroshe na ainue pua. "Mama?" akasema. "Inua," nikasema. Akafungua, akainua kwa mkono mmoja. Akaishusha. Akainua tena kwa vidole.

Sikuhitaji kumwambia mengi. Alikaa kwenye tofali, nikakaa kwenye lingine, nikamsimulia habari ya samaki, yote, na ya mguu, na ya shimo. Alisikiliza vizuri. Alipofungua mdomo aliuliza swali la maana: "Mama, na ku barieri?" Nikasema sijui, mimi najua samaki, askari siwajui. Akafikiri, akasema, "Tuache kanjia mu katikati. Soda akifungula, aone mpaka mbele, na karatasi zikuwe hapa, mu sanduku kadogo." Ilikuwa akili nzuri, nisingeifikiria mimi. Tukashusha vyote. Tukaweka masanduku na magunia juu ya magurudumu na mbele kidogo, kitanda chini kabisa, na katikati tukaacha njia ya mtu kupenya. Pale mlangoni amebakiza sanduku dogo la karatasi na nguo za mtoto tu. Mkaguzi akiona nguo za mtoto labda atakumbuka alitoka wapi yeye mwenyewe.

Kabla ya kuifunga tena nilivunja kijiti cha ufagio, nikakikata sawasawa na ile nafasi iliyo kati ya gurudumu la mbele na bati lililo juu yake. Tulipoiweka pua kwenye kroshe, nyuma ikashuka, mbele ikanyanyuka, na kijiti changu kikacheza humo. Kabeya akavuta minyororo ya fimbo, pete moja, akaja kutazama, pete nyingine, akaja kutazama, mpaka kijiti kikaingia na kubana tena karibu kama mwanzo. Alifurahi kuliko alivyofurahi mara ya kwanza. Kijiti amekiweka mfukoni mwa shati, pamoja na kalamu yake. Kwa watu wa heshima bukwe hufunguliwa kwa kuku aliyepikwa na wazee wakishuhudia. Sisi tumeifungua kwa grisi, na shahidi wetu ni kinyozi.

Kwa hiyo kuhusu remorke mume wako sasa anajua ninachojua. Wewe unisaidie kumkumbusha, maana mtu akiendesha husahau, na baba yako pia alikuwa akisahau. Mkishapita mji na barabara ikawa ya udongo, msimame, ashuke aguse kila gurudumu kwa mkono. Likiwa na joto la kuchoma kuna kitu kimebana. Aangalie minyororo haijalegea. Kwenye miteremko aingie na gia ndogo kutoka juu, asingoje katikati. Na remorke ikianza kutikisa mkia, Mwape, hapa ndipo ninapotaka unisikie: asikanyage freni. Aachie tu moto, yaani aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani ulionyooka, aiache ichoke yenyewe. Mguu wake utataka freni. Wewe weka mkono wako juu ya goti lake na useme, "Achia." Sema kwa upole, kwa sababu ukipiga kelele ataikanyaga. Na pale mtoni Luapula, kwenye mpaka wa Rhodesia, kabla ya kupanda pantoni, azifungue fimbo kabisa, maana ule ubao wa kupandia unasimama, motokari inapinda na remorke kwenye kona ile, na chuma kikilazimishwa kupinda kuliko kinavyoweza kinakatika. Ng'ambo atazifunga tena. Nyie mtakuwa ng'ambo. Nimeandika neno hilo na kalamu imesimama kidogo.

Sasa nisikilize lile lililoninyima usingizi. Tulipomaliza, Kabeya alifuta mikono, akanitazama tena, sasa bila woga, akasema, "Mama, sasa bukwe inaisha. Kiti yako iko. Kesho utapanda?" Lile jibu langu zuri, lisilo na wa kulibishia, nilikuwa nimelivunja kwa mikono yangu ili msianguke njiani. Nilisimama pale kama mjinga. Halafu ukatokea wewe, ukashika mdomo, nikaokoka.

Basi ukweli ni huu. Sikukataa kiti kwa ajili ya bukwe. Wale walioandika kwenye ukuta wetu nawajua, mmoja wao nilimfundisha kuandika mimi mwenyewe, hapo mezani. Wananiita shangazi. Mimi ni mtu wao, hakuna atakayenigusa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nikienda nanyi, kesho kutwa watafungua mlango huu, watapika kwenye jiko langu, na baada ya mwezi watasema nyumba hii ilikuwa tupu walipoikuta. Nikibaki, itabidi waninunulie samaki. Itabidi wanisalimie kila asubuhi na mimi niwajibu, na wakiniuliza mtoto wako yuko wapi nitawaambia mlimfukuza, na kesho yake wakiniuliza nitawaambia tena. Nataka awepo mtu mmoja katika mji huu anayekumbuka kwa sauti. Na nataka mkirudi, kama mtarudi, mkute mlango unaofunguliwa na mtu anayewajua.

Pengine ni hasira tu. Sikatai. Lakini kuna hasira ninayoiweza, na kuna ugeni nisiouweza. Ng'ambo nitakuwa mama ya mke wa mgeni, nakaa kwenye kona ya nyumba ya watu. Hapa mimi ni Mama Remorke.

Usidhani sitaumia. Naumia tangu sasa, na nyie bado mko chumba cha pili. Nimesikia mtoto anageuka, huyo bwana yangu mdogo, nikaacha kuandika ili nisikilize. Kesho jioni nitapika bukari ya mtu mmoja na sijui unga wake unapimwaje, sijawahi kuipika maishani mwangu. Mvua ikianza, hakutakuwa na shati la mtu kwenye kamba, wala mtu wa kumwambia. Nitaogopa usiku ndege zikipita kuelekea uwanja wa Luano. Nitasema na sufuria, na safari hii itakuwa kwa sababu hakuna mwingine. Yote haya nimeyatazama, Mwape, sikuyaruka hata moja, na bado nabaki.

Alfajiri, mkishafunga kila kitu, Kabeya ataniuliza tena. Sasa anaweza, ana mdomo wa kuniuliza na mimi nina uso wa kumtazama. Nitamwambia hapana, nitamshika mkono, na ataelewa, kwa sababu ni kijana mzuri na kwa sababu mimi si mama yake. Wewe panda, ukae mbele, umfunike mtoto. Kwenye kiti cha nyuma wekeni vile viti viwili vyepesi, na mtazame mbele.

Lakini wewe usiniulize. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu. Usishuke, usinikumbatie mara ya pili, na usiniulize kama nitapanda. Kabeya akiniuliza nitabaki. Wewe ukiniuliza, nitapanda.

Mama